Waksi ya moto kwa kazi ya bikini: nilizobaki nazo na nilizozitupa

Tusipotezeane muda, hii riviu ni ya waksi ya moto ile isiyotumia kitambaa, na ni kwa kazi ya sehemu za siri peke yake, kuanzia kinena na pembeni mwa mapaja mpaka nyuma kabisa. Kwa miguu na mikono endeleeni tu na waksi laini ya kitambaa, inamaliza haraka na hamna sababu ya kujitesa. Ila kule chini, jamani, kitambaa mimi nilishaacha siku nyingi, na ntawaeleza kwa nini kabla sijafika kwenye waksi zenyewe, manake fundi asipoelewa hapa atanunua kila mfuko anaouona umesifiwa na bado wateja watamkimbia.

Waksi laini inanata kwenye kila kitu. Nywele, ngozi, na lile tabaka la juu lililokufa, ukivuta kitambaa vyote vinakuja pamoja, ndo maana ukirudia palepale mara ya pili mteja anaruka na ya tatu ngozi inachubuka kweli. Waksi ya moto inafanya kazi kivingine. Unaipaka nene, inavyopoa inajikaza na kusinyaa, na ikisinyaa inaubana unywele pande zote kama ngumi iliyoshika kamba, halafu ngozi yenyewe inaiachia kirahisi hasa kama ulitanguliza mafuta kidogo. Sasa ngozi ya kinena ni laini, ina mikunjo, na nywele za pale ni nene zimeshika chini kuliko za mguuni, unataka kitu kinachokamata nywele na kuiacha ngozi ilipo. Tena unaweza kurudia sehemu ile ile ukiwa umeacha vikonyo viwili vitatu, kitu ambacho waksi ya kitambaa hairuhusu.

Na kwa wenye nywele za kipilipili ndo usiseme. Unywele wetu umejikunja kuanzia chini ya ngozi, ukiuvuta vibaya haung'oki, unakatika, wewe juu unaona pamesafika, unapokea hela yako na shukrani juu, wiki mbili baadae mteja anakutumia picha ya vipele na vinywele vinavyoota kwa ndani. Kwa hiyo swali langu kwenye kila waksi ninayoijaribu ni moja, je inang'oa au inakata? Ukitaka kujua geuza kile kipande ulichokivuta ukiangalie kwa chini kwenye mwanga. Ukiona vijichwa vidogo vyeupe kwenye ncha za nywele basi umetoa na mzizi wake. Ukiona ncha kavu zilizokatika, usimwambie mteja "wow umekuwa msafi", mwambie ukweli.

Haya, waksi zenyewe. Kwa mikono yangu zimepita za aina tatu.

Ya kwanza ni ile ya kizamani, nta ya nyuki imechanganywa na utomvu wa msonobari, rangi ya asali iliyoiva, inakuja imeganda kama tofali dogo au vibonge. Nilijifunzia hii. Inakamata aisee, hata nywele ngumu kama waya inazitoa, lakini inataka joto la juu kuliko hizi za kisasa na hapo ndipo mimi na yeye tulipoachana, kwa sababu kati ya joto la kuyeyuka vizuri na joto la kumuunguza mtu pana uchochoro mwembamba sana. Halafu ikipoa kidogo tu kupita kiasi inakatika kama biskuti na wewe unabaki unakwangua vipande kwa kucha huku mteja anaangalia dari. Watu waliofanya kazi hii zamani watakumbuka ilikuwa inachujwa nywele inarudi kwenye sufuria kwa ajili ya mteja mwingine. Usicheke, ilikuwa kawaida kabisa. Leo mtu akifanya hivyo mbele yako vaa nguo zako uondoke.

Ya pili ni hizi za krimu, zile nzito zisizopitisha mwanga, pinki, nyeupe, rangi ya chokoleti, mara nyingi weupe wake unatokana na titani dioksidi, ule unga mweupe wa kutia rangi, na mguso wake ni laini, inateleza kwenye ngozi kama siagi. Kwa mteja wa mara ya kwanza mwenye woga ni nzuri, haikamati ngozi kwa ukali. Ila chunguza marashi. Nilikuwa na mfuko mmoja wa pinki, jina kapuni, ukifungua chumba kizima kinanukia kama keki, mi nikaona hapa nimepata, wateja wanasifia harufu balaa. Mteja wa nne akatoka na uwekundu ambao haukuisha mpaka kesho yake jioni, unawasha, umepanda vijipele vidogo vidogo palepale waksi ilipogusa na mpaka wake umenyooka kama umechorwa kwa rula. Huo sio uwekundu wa kuvuta. Uwekundu wa kuvuta kwa kawaida unatulia baada ya saa kadhaa na unakaa kwenye vitundu vya nywele. Mfuko ule niliutupa ukiwa nusu na roho iliniuma kweli, ila nilifanyaje.

Hapo hapo niseme hili kuhusu utomvu wa msonobari, ambao upo kwenye waksi nyingi sana sio ya kizamani tu, kwenye orodha ya viambato utauona umeandikwa kolofoni (colophonium), au gliseri rosineti (glyceryl rosinate). Unajulikana kabisa kwa kuleta mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu. Huo huo umo kwenye gundi ya baadhi ya plasta za vidonda. Kwa hiyo mimi siku hizi namuuliza mteja mpya, ukibandika plasta unawashwa? Akisema ndio naweka kidoa cha waksi kwenye mkono kwa ndani, nakitoa, naandika tarehe, arudi kesho au keshokutwa tuone. Wengine wanakasirika wanasema nawarudisha nyumbani bure. Bora anune. Na waksi isiyo na orodha ya viambato kwenye mfuko siinunui, hata iwe na rangi ya dhahabu.

Ya tatu ndo ninayokaa nayo, zile wanaziita filamu, zinakuja kama shanga au punje, ndani yake kuna polima zinazoifanya ikishapoa ibaki inakunjika kama mpira mwembamba badala ya kuvunjika. Zinafanya kazi kwenye joto la chini, nyingi zinakaa sawa kwenye nyuzi 45 mpaka 55 hivi kutegemea na mtengenezaji, unazipaka nyembamba kuliko ile ya kizamani, mfuko unakwenda mbali. Nilianza na Cirepil ya bluu ya Perron Rigot wa Ufaransa na mpaka leo ndo naipimia nyingine zote. Bluu yake ni nzito kiasi kwamba unaona wazi umepaka wapi na wapi bado, kitu ambacho kwenye ngozi nyeusi kinasaidia sana kuliko waksi ya rangi ya asali inayopotea machoni. Harufu ya kusumbua haina. Ikishika, ukikunja pembe inakunjika haipasuki. Naipa tisa kwenye kumi, na ile moja nimeibania tu, hakuna waksi ya kupewa kumi.

Ubaya wa hizi filamu kwa ujumla ni kwamba zinakudanganya. Kwa kuwa hazikatiki ovyo unajiona fundi, unavuta mapema ikiwa bado ina moto ndani, inanyooka kama chingamu, nywele zinabaki, na sasa una uzi wa waksi umejitandaza mpaka kwenye paja. Hapo usianze kukwangua. Paka waksi mpya ya moto wa kawaida juu yake, iache ishikane na ile ya chini, vuta vyote pamoja. Kama ni kidogo basi mafuta na pamba vinamaliza, maji hayafanyi chochote, usijisumbue.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike riviu ndefu hivi. Nikisoma watu wanavyolalamika, "hii waksi mbovu inavunjika", "hii haishiki", "hii inaunguza", naona nusu ya malalamiko ni ya hita na mkono. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa huko. Niliwahi kuisema vibaya waksi moja kwa miezi, nikawaambia na wenzangu wasiinunue, inakatika inakatika, kumbe kitanda changu kilikuwa chini ya feni. Upepo unaigandisha juu kabla ya chini, pembeni inakauka katikati bado, ukivuta inapasuka. Nikahamisha kitanda, waksi ile ile ikawa tamu. Nilijisikia mjinga nikarudi kwa wale wenzangu mmoja mmoja kuwaambia samahani.

Na hita, hebu tusikilizane. Kile kitufe chenye namba moja mpaka tano hakikwambii nyuzi ngapi, kinakwambia moto mdogo na moto mkubwa basi. Nunua kipimajoto. Washa juu mpaka shanga ziyeyuke, inachukua kama nusu saa au zaidi kutegemea na ukubwa wa sufuria, halafu shusha na usubiri ishuke kweli, usipake ikiwa kwenye joto la kuyeyushia. Koroga, manake ya pembeni inayogusa bati ina moto kuliko ya katikati, unaweza kupima katikati ukaona poa ukachota pembeni ukamuunguza mtu. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza mtu mzima ndani ya sekunde chache, na waksi ni mbaya kuliko maji kwa sababu yenyewe haichuruziki ikaenda, inakaa palepale imeng'ang'ania. Ngozi nyeusi ikiungua hata kidogo inabaki na doa miezi na miezi, mteja atalikumbuka kila anapooga.

Uzito ninaoutaka ni ule wa asali ya baridi, ukiinua kijiti inashuka kwa kujivuta, inajikunja juu ya yenyewe kabla ya kuzama. Ikichuruzika kama mafuta ya kula bado ina moto sana. Ikitoka na kijiti kama ugali imepoa. Na kila mteja, nasema kila mteja hata wa sita kwa siku, naanza na tone kwenye kifundo cha mkono wangu kwa ndani halafu tone kwake sehemu ya pembeni, namuuliza, akisema sawa ndo naendelea. Hita iliyokuwa sawa asubuhi mchana imeshapanda. Na waksi iliyochemshwa mara nyingi inabadilika rangi inakuwa nyeusi nyeusi, inatoa harufu ya kuungua na inaanza kukatika, usiibembeleze kwa kuongezea shanga mpya juu, imwage.

Kupaka. Nywele ziwe na urefu wa nusu sentimita hivi, zikizidi sentimita moja punguza kwanza kwa mkasi la sivyo mteja atavutwa mara mbili kwa bei ya mara moja. Kama alinyoa kwa wembe muda wa wiki mbili tatu unatosha kwa wengi. Safisha, kausha, kisha mafuta ya kabla ya waksi, tone tu kwenye kiganja usambaze mpaka ngozi ing'ae kidogo, sio kung'aa kama unakwenda kumkaanga. Ukizidisha waksi inaelea juu ya mafuta haishiki kitu halafu unasema waksi mbovu. Na poda usiweke pamoja na mafuta, poda ni ya waksi ya kitambaa.

Vipande viwe vidogo. Hapa ndo naona watu wengi wanajiharibia, mtu anapaka kipande kirefu kama kiganja na vidole vyake kwa sababu anataka amalize haraka, pale kwenye kinena nywele zinabadilisha uelekeo kila baada ya hatua, juu zinaangalia chini, pembeni zinaangalia katikati, kipande kikubwa kinabeba pande tatu kwa pamoja na wewe utavuta upande gani? Upana wa vidole viwili, urefu wa kidole, inatosha. Nasukuma waksi kwanza kinyume na nywele zinavyoota ili iingie chini yake, halafu narudi nayo kwa kufuata uelekeo wake naibonyeza, unene kama wa sarafu, na pembeni pasiwe pembamba kuliko katikati kwa sababu ukingo mwembamba ndo unaobaki umeng'ang'ania. Mwisho wa kipande naacha kijimdomo kinene cha kushikia, sehemu isiyo na nywele nyingi.

Kujua kama imeiva gusa kwa kidole. Ikiacha kunata lakini bado inakunjika, sasa hivi, usiendelee kupiga stori. Kaza ngozi kwa mkono mmoja, mwambie na mteja akusaidie kukaza upande wa pili (wanapenda, wanasahau maumivu wakiwa na kazi), vuta mara moja kwa haraka kinyume na uelekeo wa nywele, mkono ukipita chini sambamba na ngozi. Ukivuta kwenda juu kama unafungua kopo unakata nywele na unaweza kuacha mavilio ya damu chini ya ngozi. Mara tu ukivuta weka kiganja palepale ubonyeze. Ni kitu kidogo sana lakini mteja ndo anachokikumbuka.

Na waksi inaishia kwenye ngozi inayoota nywele. Ile sehemu ya ndani laini yenye unyevunyevu haiguswi, sio kwa waksi yangu sio kwa waksi ya malaika. Wanaume wapo pia wanakuja, ngozi ya korodani ni nyembamba na inavutika sana, vipande viwe vidogo zaidi na ngozi ikazwe kweli kweli, kama hujafundishwa usijifunzie kwa mtu.

Kuna watu wa kuwakatalia pia, hata waksi iwe bora namna gani. Anayemeza aisotretinoini ya chunusi, au aliyeacha bado haijafika miezi sita, hapana, ngozi yake inaweza kutoka na waksi. Mwenye kidonda, malengelenge ya herpes yaliyoamka, au ngozi iliyoungua jua, arudi akipona. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akaongee kwanza na daktari wake. Hawa ukiwauliza kwa heshima kabla hawajavua wanajibu, ukiwauliza wameshalala wanasema "hamna shida dada we endelea".

Usafi sina maneno mengi. Glavu mpya, karatasi mpya kitandani, na kijiti kikishagusa mwili wa mtu hakirudi kwenye sufuria, kinaingia kwenye ndoo ya taka. Nikimaliza mteja mmoja wa kinena chote nimetumia vijiti hata ishirini, na kuna mwanafunzi wangu aliniona nafuja. Nikamwambia ahesabu vijiti vyote vya leo halafu aniambie ni kipi kati ya hivyo angependa kirudi kwenye sufuria kabla hajalala yeye. Hajauliza tena.

Baada ya hapo mafuta ya kutoa mabaki, kitu cha baridi kwenye ngozi, na maelekezo, siku mbili hizi hamna maji ya moto sana, hamna mazoezi ya jasho, hamna bwawa la kuogelea, hamna tendo la ndoa, chupi ya pamba isiyobana. Kuanzia siku ya tatu anaanza kusugua taratibu mara mbili kwa wiki ili vinywele visinase chini. Atarudi baada ya wiki nne mpaka sita. Na wa mara ya kwanza umwambie mapema kwamba wiki ya pili ataona nywele kidogo, hizo ni zile ambazo siku ile zilikuwa bado chini ya ngozi, waksi haikuzifikia, sio kwamba zimeota haraka. Usipomwambia atasema waksi yako feki.

Kwa hiyo kwa sasa kwenye shelfu kuna bluu ya shanga kwa kazi zote, kuna mfuko mdogo wa krimu nyeupe isiyo na marashi kwa wale wa mara ya kwanza, na lile tofali la rangi ya asali bado lipo kwenye droo ya chini, nusu, nalitumia kwenye mguu wangu mwenyewe nikiwa na hasira na mtu. Nina sampuli ya filamu nyingine ya zambarau nimepewa juzi, shanga zake zimeshikana ndani ya mfuko kama ziliwahi kukaa juani, sijaipenda tangu mwanzo ila nitaiyeyusha niipime kwanza, nisije nikaisingizia kama ile ya feni.